Masharti ya Kutamka Namba

Mtu asije akaniambia eti nchi hii anaijua. Haimo kwenye ramani yoyote, na anayeitafuta ana nia mbaya. Inaitwa Jamhuri ya Takribani, na raia wake ni watu wenye furaha kwa amri.

Nchi hiyo ilikuwa na sheria moja tamu kuliko zote, Sheria ya Hesabu Njema. Ilizaliwa hivi. Siku moja msafara wa Mtukufu Mlezi, mkuu wa nchi, ulipita sokoni. Muuza dagaa mmoja, mtu wa ovyo tu, akaanza kuyahesabu magari kwa sauti. Akahesabu, akahesabu, mkia wa msafara hauonekani. Watu wakamwitikia, na mwisho soko zima likawa linahesabu kama watoto wa chekechea. Mtukufu aliisikia namba waliyofikia, na inasemekana siku hiyo hakula chakula cha mchana. Kesho yake Bunge likakaa, likapitisha kwamba raia wa kawaida ataruhusiwa kutamka kuanzia sifuri mpaka kumi, maana hivyo ndivyo Mungu alivyomgawia vidole. Zaidi ya hapo ni umbea, na umbea ni jinai. Namba kubwa wakaachiwa wenye shahada ya uzamivu ya takwimu za uhai, yaani wale waliosomea kuhesabu wanaougua, wanaopona na wanaokufa. Wabunge walisema hao wana mioyo iliyofundishwa kutoshtuka.

Watu wakazoea. Muuza mayai alisema "kumi, halafu kumi, halafu matatu," akivuta pumzi katikati ili askari asikie kwamba hajaunganisha. Wazee wakiulizwa umri walijibu, "Wa kutosha." Mwenye uwezo akifanya harusi alimkodi daktari wa takwimu aje atangaze idadi ya wageni, na daktari aliondoka na biriani ya kwenda nayo nyumbani. Mimi ninayewasimulia sina shahada, kwa hiyo mtanisamehe nikifika kumi nikanyamaza.

*

Basi katika kliniki ya Mwangazo, wilaya ya mbali ambako hata redio inafika imechoka, alikuwepo karani wa daftari aitwaye Sikudhani Chuma. Alikuwa mwanamke mfupi, mwandiko mzuri, mdomo hauna breki. Kazi yake ilikuwa kuandika jina la kila mtoto aliyeletwa, uzito wake na dawa aliyopewa.

Mwaka huo serikali ilileta Sharubati ya Mlezi, dawa ya kikohozi, nyekundu, kwenye chupa yenye picha ya Mtukufu akitabasamu. Mtoto akohoe asikohoe, alikunywa kijiko mbele ya nesi, la sivyo kadi yake haigongwi muhuri. Haukupita muda Sikudhani akaona jambo. Watoto waliokunywa walivimba miguu, wakaacha kukojoa, kisha mama zao wakaja peke yao kurudisha kadi. Akapanga majina kwa safu mbili: waliokunywa, na wale ambao sharubati iliisha kabla zamu yao haijafika. Safu ya kwanza ilijaa vifo ukurasa kwa ukurasa. Ya pili ilikuwa na vifo viwili, na mmoja wa hao aliumwa na nyoka.

Akaenda mbio kwa mganga mkuu wa wilaya.

"Mheshimiwa, sharubati inaua watoto!"

"Wangapi?"

Sikudhani akafungua mdomo. Mganga mkuu akainua kidole.

"Taratibu, dada. Shahada unayo?"

"Sina."

"Basi taja namba unayoruhusiwa."

"Kumi."

"Kumi ni wachache," akasema mganga mkuu kwa upole. "Watoto kumi hufa hata kwa bahati mbaya."

"Ni kumi, halafu kumi, halafu kumi, halafu..."

"Hapo sasa umeingia kwenye umbea. Mimi ni mtu wa sayansi, siwezi kusikiliza umbea saa za kazi."

Sikudhani alitoka pale kwa hasira. Aliwanong'oneza akina mama wawafundishe watoto kuiweka sharubati shavuni wakaiteme nje, na waliojua kuibana shavuni walipona. Lakini mtoto mchanga umfundishe nini? Akaketi kwenye ngazi ya kliniki, akalia kidogo, akajipangusa kwa ncha ya kanga. "Kama ulimi unatolewa chuoni," akasema, "nitaufuata huko huko."

*

Chuo Kikuu cha Takribani kilikuwa na Kitabu cha Masharti cha shahada ya uzamivu, na kitabu hicho kilibebwa na watu wawili. Mwenyekiti wa Jopo la Uzamivu alikuwa Profesa Mkunguni, mtu mnene, mchangamfu, aliyependa namba kubwa kama wengine wanavyopenda kashata. Kabla hajakuambia karibu alikutajia idadi ya vitabu vyake, idadi ya hatua kutoka langoni mpaka mezani pake, na idadi ya nywele alizobakiza. Siwezi kuzirudia.

"Binti," alimwambia Sikudhani, "elimu ni bahari."

"Profesa, watoto wanakufa."

"Vizuri sana! Utakuwa na data ya kutosha."

Mtu wa kwanza kumwonea huruma alikuwa Bi Somoe, mpishi wa chai wa kitivo, aliyempikia Profesa tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Alimmiminia Sikudhani kikombe, akamsogezea na andazi.

"Mwanangu, hapa watu huingia wembamba wakatoka na vitambi," alisema. "Shahada sijaona wakitoka nayo. Lakini wewe una macho ya ubishi. Kunywa chai."

Masharti yakaanza. Kwanza masomo ya darasani, ambako Sikudhani alifundishwa Utangulizi wa Wastani, na Kukadiria kwa Heshima, na somo gumu kuliko yote, Kuzungusha Namba Kuelekea Furaha. Kisha ukaja mtihani wa kufuzu. Watahiniwa waliwekewa gunia ukumbini wakaambiwa wakadirie idadi ya maharage yaliyomo, bila kuligusa. Sikudhani alilitazama gunia, akaliona limelala chali kama kanzu iliyovuliwa. Kumbe watunzi wa mtihani walikuwa na shughuli ya familia wiki ile, na maharage yalikuwa yameshaliwa. Akaandika: sifuri. Akafelishwa. "Gunia la serikali haliwezi kuwa tupu," lilisema jopo. Akarudia mtihani baada ya miezi sita, gunia lile lile, akaandika: "Yanatosha." Akafaulu kwa daraja la kwanza na kupigiwa makofi.

Kila likizo alirudi Mwangazo, akakuta daftari limenenepa. Alinakili majina, akarudi chuoni macho mekundu, akakuta sharti jipya.

Mwaka wa pili Bi Somoe hakuonekana kazini wiki nzima. Mjukuu wake Salha, aliyekuwa na mwaka mmoja na meno manne, alikuwa amefariki. Profesa Mkunguni alikwenda msibani kama mtu mwema, akala wali, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Sikudhani naye alikwenda. Alitaka kuuliza jambo, akamtazama Bi Somoe alivyojikunja mkekani, akashindwa.

*

Hapo ndipo ilipofika zamu ya Kamati ya Maadili, wazee watatu wenye suti za kitambaa kimoja. Profesa Mkunguni alikuwa katibu wao.

"Utafiti wako unawahusu nani?" wakamwuliza.

"Watoto waliokufa."

"Wamekubali?"

"Wamekufa, mzee."

"Hilo tumelisikia. Tunauliza kama wameridhia. Fomu ina mahali pa sahihi, na asiyejua kuandika ataweka dole gumba."

"Ataweka vipi na yuko kaburini?"

Wazee wakatazamana kwa masikitiko. "Hatuwezi kuruhusu marehemu wachunguzwe bila ridhaa yao. Chunguza walio hai."

"Nitachunguzaje vifo kwa walio hai?"

"Hayo ni ya kitaalamu. Sisi ni watu wa maadili tu."

Sikudhani alibishana nao siku tatu. Siku ya nne njaa iliwazidi nguvu, wakakubali mama asaini kwa niaba ya mtoto. Lakini ili jambo lisipewe urahisi wa kupindukia, Profesa Mkunguni akaandika kwa mkono wake sharti la nyongeza: siku ya kutetea tasnifu, kila mama aliyesaini afike mwenyewe, asimame mbele ya jopo, na kwa kinywa chake ataje idadi ya watoto wake waliomo kwenye utafiti. Walicheka njia nzima kwenda kula. Mwangazo ni mwendo wa siku mbili, na siku ya kutetea ingeangukia msimu wa kupalilia. Nani ataacha shamba?

Na lilikuwepo sharti lingine la zamani, Profesa alilitunga alipokuwa bado kijana. Muhtasari wa kikao cha kutetea haukuwa halali mpaka mwenyekiti ajumlishe kila namba iliyotajwa ukumbini, kisha aisome jumla kwa sauti. Hakuwa na sababu yoyote. Alipenda tu kusoma jumla watu wakimtazama.

*

Tasnifu ilipokamilika, Profesa alimwita ofisini. Bi Somoe alikuwa akikusanya vikombe.

"Binti, nimeisoma. Kazi safi. Ila safu hii ya Waliofariki inachosha macho."

"Inachosha na mwili, Profesa."

"Sikiliza, nikufunze siri ya taaluma. Ipo safu ya heshima inayoitwa Hawakurudi Kliniki. Mtoto akihama wilaya, hakurudi. Mama akisahau tarehe, hakurudi. Mtoto akifa, je, alirudi?"

"Hakurudi."

"Umeona! Ukweli mtupu, hata malaika hatukatalii. Hamisha majina yote huko. Waliofariki ibaki sifuri. Mwezi ujao unaitwa Daktari Sikudhani, na utatamka namba yoyote uitakayo mpaka mate yakukauke."

Sikudhani akaitazama safu ya Waliofariki. Miaka mitatu alikuwa ameutafuta ulimi. Sasa anapewa, ila kwa sharti kwamba siku atakayoupata awe hana la kusema. Akawaza pia upande wa pili, kwa sababu alikuwa binadamu: mshahara wa daktari, heshima, mama yake kijijini akiitwa mama wa daktari. Nyuma yake kikombe kiligonga kikombe mikononi mwa Bi Somoe, aliyesimama kama mtu aliyesahau alikuwa anafanya nini.

"Nitakujibu siku ya kutetea," akasema.

"Usichelewe. Ukikataa hupati shahada, na bila shahada daftari lako lote ni umbea uliojalidiwa."

*

Siku ya kutetea, jopo lilijipanga mbele kwa majoho mekundu. Viti vya wasikilizaji vilikuwa vitupu. Profesa Mkunguni alitazama saa, akatabasamu.

"Masikitiko makubwa," akaanza. "Kwa kuwa wazazi hawaku..."

Nje kukasikika lori la mkaa likikohoa, likazimika. Mlango ukafunguliwa, wakaanza kuingia. Waliingia wanawake wenye masizi usoni, majembe yao wameyaacha kwa jirani, watoto waliobaki wamewafunga mgongoni. Wakajaza viti, wakajaza vijia, wakakaa kwenye ngazi, na waliokosa mahali walisimama dirishani. Sikudhani aliwaona akashika meza. Alikuwa ametuma habari, lakini hakudhani watafika wote.

"Kila mmoja ataje idadi," akasema Profesa, akivuta karatasi ya muhtasari. "Na mkumbuke sheria. Mwisho ni kumi."

Akasimama wa kwanza, Mwajabu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Mmoja."

Profesa akachora mstari. "Alirudi kliniki?"

"Hakurudi."

"Vizuri. Tunaandika hakurudi."

"Hakurudi kwa sababu nilimzika, Profesa."

"Kitakwimu hayo ni maelezo ya ziada. Anayefuata."

"Mmoja."

"Mmoja."

"Wawili. Walikuwa mapacha."

"Mmoja."

Ilikuwa hivyo asubuhi nzima. Hakuna aliyevunja sheria. Askari aliyesimama mlangoni alisikiliza kwa makini akisubiri mtu aseme namba ya jinai, na kila mara akasikia mmoja, akabaki anahamisha bunduki bega hili na bega lile. Wajumbe waliacha kusinzia. Mmoja alivua joho, akasema joto, na wakati ule mvua ilikuwa inanyesha. Karatasi ya Profesa ilijaa mistari, akaomba nyingine, ikajaa, akaomba nyingine. Sikudhani, mwenye mdomo usio na breki, hakusema hata neno.

Wa mwisho alipoketi, Profesa alijifuta jasho. "Ahsanteni. Nitajumlisha, kisha nitasoma: waliofariki, sifuri, hawakurudi kliniki..."

"Na mimi," sauti ikatoka nyuma. "Mmoja."

Alikuwa Bi Somoe na sinia ya chai. Desturi ya kitivo ni chai kuletwa kabla ya hukumu.

"Bi Somoe, we! Wewe hukusaini fomu."

"Sikusaini. Chupa ulinipa wewe mwenyewe kwa mkono wako, siku ya kuzaliwa Mtukufu, ukasema mpelekee Salha. Nikampa vijiko viwili kwa siku, kama ulivyonielekeza." Sinia hakuiweka chini. "Ukaja msibani kwangu, ukala wali wa matanga, ukanishika mkono. Haya, Profesa. Andika kwamba Salha hakurudi."

Profesa Mkunguni akashika kalamu. Akaiweka karatasini. Haikwenda. Miaka yote mtu huyo alikuwa amekula namba kama njugu, na sasa mmoja tu amemkwama kooni. Akamtazama Bi Somoe, akatazama sinia, akatazama vijia vilivyojaa.

"Nilikula wali," akasema polepole, kama mtu anayekumbuka. Kisha akaanza kujumlisha, kidole juu ya mistari, midomo ikicheza. Hakuzungusha kuelekea popote. Alipomaliza alisimama, akavua kofia ya joho.

"Waliofariki," akasema, na akaitaja namba.

Aliitaja yote, kuanzia kichwa mpaka mkia, mbele ya watu na askari, na akamalizia, "na Salha ni mmoja wao." Mimi sina shahada, na nina watoto wadogo, siirudii. Nitasema tu kwamba askari wa mlangoni aliinamisha kichwa. Kumbe naye alikuwa na kadi ya kliniki nyumbani.

*

Matokeo yalibandikwa kesho yake. Sikudhani Chuma: amefeli. Sababu: mtahiniwa hakutamka namba yoyote siku ya kutetea, namba yenyewe ilitamkwa na mwenyekiti, kwa hiyo ugunduzi ni wa mwenyekiti. Profesa Mkunguni: shahada imefutwa, kwa kutamka namba iliyo sahihi bila kibali. Siku hizi anauza maharage sokoni, anapima kwa kopo kwa kuwa kuhesabu haruhusiwi, na wanunuzi wake wanasema anajaza kopo mpaka juu. Bi Somoe alistaafishwa na kupewa cheti cha utumishi na kanga yenye picha ya Mtukufu, ambayo anasugulia sufuria.

Lakini namba ikishatoka hairudi kinywani. Kabla wiki haijaisha redio ilitangaza kwamba Sharubati ya Mlezi inaondolewa kwa muda nchini kote ili kuboreshwa rangi.

Sikudhani alirudi Mwangazo kwenye daftari lake na kalamu ile ile. Mama yake alimwuliza, "Daktari?" Akajibu, "Karani, mama." Wakacheka, kisha hawakucheka.

Mwezi wa nne baada ya hapo mganga mkuu alikuja kukagua. Foleni ya akina mama ilizunguka kliniki nje.

"Karani, nisomee waliofariki mwezi huu. Na uangalie mdomo, bado huna shahada."

Sikudhani akafungua daftari. Akaitafuta safu, akaipitisha kidole juu mpaka chini, akarudia chini mpaka juu, kwa sababu hakuyaamini macho yake. Machozi yakamjia, akayaacha. Akaenda kulifungua dirisha lote ili foleni isikie.

"Sifuri," akasema.

"Umesema?"

Namba hiyo inaruhusiwa kwa kila raia. Sikudhani akavuta pumzi, akaitamka tena kwa sauti ambayo kwa miaka mitatu hakuna aliyempa ruhusa kuitumia.

"Sifuri!"